Bahari ikae kushoto: kuizunguka rasi ya Cape Town na bibi, watoto na upepo

Nianze na mlango wa gari, maana ndio ulionitoa pesa. Ilikuwa Desemba. Tumepaki pale kwenye kibao cha Rasi ya Tumaini Jema, gari la kukodi la watu saba, upepo unatusukuma kwa nyuma. Kifungua mimba wangu alikuwa kiti cha mbele. Akavuta kitasa kama anavyovuta siku zote. Upepo ukaupokea mlango mkononi mwake, ukaupeleka mbele kwa kishindo, bawaba zikalia, na tangu hapo mlango ukakataa kufunga. Tulirudi mjini baba watoto ameufunga kwa mkanda wa begi na bado ameushikilia kwa mkono. Kwenye kampuni ya gari nikaonyeshwa mstari mdogo kwenye mkataba: uharibifu unaoletwa na upepo haumo kwenye bima. Sahihi yangu ilikuwa chini yake.

Kwa hiyo, kabla ya ramani na kabla ya sambusa, jifunze kupaki. Pua ya gari itazame kule upepo unakotoka. Milango ya gari ina bawaba upande wa mbele, kwa hiyo upepo wa mbele unausukuma mlango ujifunge, na upepo wa nyuma unaung'oa. Hujui upepo unatoka wapi? Angalia vichaka vimelalia upande gani, kisha pua ya gari itazame upande wa pili, kinyume na vinakolalia. Kisha watoto wasifungue chochote. Mtu mzima anashuka kwanza, anazunguka, anafungua mlango mmoja kwa mikono miwili, anatoa mtoto, anafunga, ndipo mlango wa pili. Ukifungua wa kulia na wa kushoto kwa pamoja umejenga njia ya upepo katikati ya gari. Risiti, tiketi za hifadhini na kofia ya babu vyote vinatokea upande wa pili, navyo havirudi.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekaa Cape Town miaka kumi na miwili, na kila mgeni anayetua kutoka nyumbani anataka kupelekwa "mwisho wa Afrika". Nimeshaizunguka rasi hii mara nyingi, mimi ndiye dereva, kwa sababu baba watoto na kona hawaelewani. Safari ninayoisimulia zaidi hapa ni ile ya watu sita: sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kututembelea akiwa na kanga saba na sweta moja.

Tuuelewe upepo wenyewe kwanza, maana ndio unaopanga ratiba. Sisi watu wa pwani tumezoea kaskazi na kusi, na tunajua kusi linaanza kama Aprili. Huku mambo yamegeuka. Upepo wao mkubwa ni wa kusini-mashariki, nao huvuma kuanzia kama Oktoba hadi Machi, yaani wakati kwetu kaskazi imeshika. Wenyeji wanauita daktari, kwa kuwa unaufagia mji na kuondoa hewa chafu. Dalili yake iko wazi: ukiamka ukaona Mlima wa Meza umetandikwa wingu jeupe linalomwagika ukingoni kama kitambaa cha meza, daktari ameingia zamu. Na mara nyingi hukaza kadiri mchana unavyokwenda. Majira ya baridi, Juni hadi Agosti, upepo hugeuka, hutoka kaskazini-magharibi na huja na mvua. Kama una uhuru wa kuchagua, njoo Machi hadi Mei. Sisi watu wa likizo za shule hatuna uhuru huo.

Kanuni yangu ni ya mtaani, si ya kitaalamu. Natazama utabiri usiku wa kuamkia safari. Upepo chini ya kilomita 30 kwa saa, tunakwenda kote. Kati ya 30 na 50, tunakwenda, lakini Cape Point, kule kwenye ncha ya rasi, inakuwa ya asubuhi na chakula tunakula ndani ya gari. Ukipita 50 naahirisha, hata kama mgeni ana ndege kesho yake. Mgeni atanung'unika, lakini mtoto wa miaka miwili na nusu hasimami kwenye upepo wa namna hiyo.

Sasa njia. Waongozaji wengi wa watalii huanzia Hout Bay, wanashuka kwa upande wa Atlantiki na kurudi kwa upande wa pili. Mimi nageuza. Afrika Kusini wanaendesha kushoto kama kwetu. Tazama ramani: rasi hii ni kama kidole kilichonyooshwa kwenda kusini kutoka Mlima wa Meza, urefu wake kiasi cha kilomita 50. Mashariki yake ni ghuba ya False Bay, magharibi ni Atlantiki. Ukishuka kwa mashariki na kupanda kwa magharibi, bahari inakuwa kushoto kwako siku nzima. Kila pahali pa kusimama kutazama unaingia tu, hukati mbele ya magari yanayokuja. Asubuhi unapata jua la False Bay, jioni unapata machweo ya Atlantiki, na Cape Point unaifikia kabla upepo haujakaza. Mzunguko mzima ni kama kilomita 150. Kwa saa za gari ni mfupi, lakini na watoto ni siku nzima.

Ubaya wake ni mmoja: kila mtoto anataka kukaa kushoto. Kwetu wanabadilishana kila tunaposimama, na kifungua mimba ndiye mwenye daftari. Bibi alipewa kushoto moja kwa moja, hakuna aliyethubutu kubisha.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu lazima awe na kiti chake cha gari, ni sheria tangu 2015, kwa hiyo kiagize mapema unapokodi. Jaza mafuta kabla ya kuiacha Simon's Town, maana ndani ya hifadhi ya Cape Point hakuna sheli. Huku hujazi mwenyewe, kuna mhudumu, mpe chochote. Weka pia sarafu za randi mlangoni kwa ajili ya vijana wenye vizibao vya kung'aa wanaolinda magari maegeshoni. Nguo: kila mtu sweta na koti la upepo hata kama mjini kuna joto. Kofia za kawaida acha nyumbani. Wenye hijabu waongeze pini, tena si moja. Na kigari cha mtoto cha kusukuma usikibebe kabisa. Kilinitoroka mara moja, kitupu, namshukuru Mungu, kikavuka maegesho yote peke yake. Mbeleko ndiyo dawa. Mtoto mgongoni, kanga imefungwa vizuri, na joto lako analipata.

Tunatoka saa moja asubuhi. Muizenberg ni ya nusu saa tu, watoto waone vibanda vya rangi na watu wanaojifunza kuteleza kwenye mawimbi. Kabla mtu hajalowesha kidole, tazama bendera. Juu mlimani, upande wa Boyes Drive, kuna watu wanaokaa na darubini wakichunguza papa. Kijani maana yake maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi, hawaoni vizuri. Nyekundu, tahadhari kubwa. Nyeupe yenye papa mweusi, pamoja na king'ora, toka majini sasa hivi. Hiyo Boyes Drive yenyewe ni pahali pazuri pa kutafuta nyangumi kati ya Agosti na Novemba, wanapoingia False Bay.

Ukiwa na wadogo, simama St James, kituo kinachofuata. Kuna bwawa la maji ya bahari lililozungushiwa ukuta, wimbi halimchukui mtu. Kisha Kalk Bay, bandari ya wavuvi. Sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu, hulala gatini kama mabwana. Watoto watataka kuwasogelea. Kataa. Mwaka 2024 ilithibitishwa kuwa sili wa pwani hii wameingiwa na kichaa cha mbwa, na kuna watu waliokuwa wameumwa nao majini.

Simon's Town ni mji wa jeshi la wanamaji. Watoto wangu hawajali meli, wanakimbilia sanamu ya mbwa kwenye uwanja wa Jubilee. Anaitwa Just Nuisance, mbwa mkubwa aliyeandikishwa rasmi kwenye jeshi la wanamaji la Uingereza mwaka 1939 kwa sababu alikuwa akipanda treni bila tiketi na shirika la reli limechoka naye. Bibi alivutiwa na kitu kingine. Aliona mnara wa msikiti juu ya nyumba, akauliza Waislamu wako wapi, mbona njiani hakuwaona. Nikamwambia: mwaka 1967 serikali ya ubaguzi iliutangaza mji huu kuwa wa wazungu peke yao, maelfu wakahamishwa. Msikiti ulibaki. Alinyamaza hadi Boulders.

Boulders ndiko kwa pengwini. Fika mapema, mabasi bado hayajajaa. Koloni hili lilianza mwaka 1982 na jozi chache tu, na leo utawakuta wamejipanga chini ya vichaka, kila mmoja na shimo lake. Tembea kwenye njia ya mbao, usiwaguse, wanang'ata kwelikweli. Wa kati wangu aliposikia sauti yao akacheka hadi akakaa chini: wanalia kama punda. Punda yuleyule wa kubeba maji, sauti ileile, ndani ya ndege wa kimo cha goti. Cheka, lakini ujue kuwa mwishoni mwa 2024 pengwini wa Afrika waliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ukirudi kwenye gari, inama uangalie chini ya matairi kabla ya kuwasha. Wanapenda kivuli cha gari.

Neno la pesa hapo. Hifadhi za taifa zina viwango vitatu vya kiingilio: raia, watu wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Mtanzania yuko SADC, kwa hiyo pasipoti yako iwe mkononi, tofauti si ndogo mkiwa watu sita. Ndugu zangu wa Kenya na Uganda, poleni.

Kutoka Boulders hadi geti la Cape Point ni mwendo mfupi, na hapo ndipo sheria ya nyani inapoanza. Nyani wa huku wamesoma. Wanajua mfuko wa plastiki ni nini, wanajua kufungua mlango wa gari usiofungwa kwa loki, na kuwalisha ni kosa la jinai. Funga vioo, bonyeza loki, usishuke na chakula mkononi. Akikunyang'anya, mwachie. Usivutane naye, hasa mbele ya mtoto.

Tulisimama Buffels Bay, ndani ya hifadhi, tukawa tunakula chapati ndani ya gari vioo juu. Dume moja likapanda boneti. Likakaa, mikono juu ya magoti, likatutazama tonge kwa tonge kama jamaa aliyefika wakati wa chakula anasubiri aambiwe neno. Bibi, kwa mazoea ya miaka sabini, akasema, "Karibu."

"Mama!" nikamwambia.

"Mwanangu, ameshaona sahani, nifanyeje?"

Dume lilichoka, likashuka, likaondoka na kipangusio kimoja cha kioo. Kwa hiyo ongezea hilo kwenye orodha yako. Baadaye, nyani walipokwisha kwenda zao, bibi alisali Adhuhuri nyuma ya gari, gari likimkinga, mswala umewekewa mawe manne pembeni. Wa kati alisimama jirani akilinda mawe.

Maegesho ya Cape Point ndiyo mtihani wa milango. Umeshajua la kufanya. Kupanda kwenye mnara wa taa kuna ngazi, au kuna kigari cha reli kinachovutwa mlimani, kinaitwa Flying Dutchman. Upepo ukizidi husimamishwa, kwa hiyo usimwahidi bibi kabla hujauliza. Juu kule mshike mtoto kifundo cha mkono, si vidole. Vidole huchomoka. Kanga ya bibi ilikuwa tanga kabisa, tukamfungia kiunoni, na akakataa kurudi chini hadi amegusa ukuta wa mnara.

Mnara huo una kisa ambacho watoto wakubwa wanakipenda. Uliwashwa mwaka 1860, mita 238 juu ya bahari, na ubaya wake ukawa ni kimo hichohicho: mawingu yanaufunika, meli hazioni kitu. Aprili 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania iligonga mwamba hapo chini. Ndipo wakajenga mnara mwingine chini, mita 87 tu, ukaanza kazi 1919. Taa yake ina mwanga mkali kuliko zote za pwani ya Afrika Kusini. Unaweza kuuona ukisogea ukingoni, lakini siku ya upepo mimi siusogelei, natuma baba watoto na simu.

Na lile suala la mwisho wa Afrika. Mwambie mgeni wako mapema, usingoje amepiga picha. Kibao cha Rasi ya Tumaini Jema chenyewe kinasema ni ncha ya kusini-magharibi ya bara. Ncha ya kusini kabisa ni Cape Agulhas, yapata kilomita 150 kutoka hapo kuelekea kusini-mashariki, na ndiko inakohesabiwa mipaka ya Bahari ya Hindi na Atlantiki. Bibi alisema amekuja mbali, kwake yeye hapo ni mwisho panatosha.

Toka hifadhini mapema alasiri, usisubiri geti lifungwe. Majira ya baridi hufungwa mapema zaidi. Ukitoka geti pinda kushoto kufuata pwani ya Atlantiki: Scarborough, Misty Cliffs ambako chumvi ya mawimbi inatanda barabarani hadi unawasha vipangusio (kama bado unavyo viwili), halafu Kommetjie na mnara wa taa wa Slangkop, wa chuma, mita 33. Noordhoek tunatazama tu kwa juu. Ufukweni kuna mabaki ya meli Kakapo iliyopanda mchangani mwaka 1900 baada ya nahodha kudhani ameshaipita Cape Point, akapinda. Kutembea hadi pale kwenye upepo, mchanga unakuchapa miguu kama fimbo nyembamba. Niliwapeleka watoto mara moja, kifungua mimba bado ananikumbusha.

Maji ya upande huu usiyaamini kwa macho. Upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu yaende baharini, na ya chini, ya baridi, hupanda kuchukua nafasi. Ndiyo maana siku ya jua kali na upepo ndiyo maji yanapokuwa barafu. Ukitaka watoto wacheze mchangani bila kula mchanga, ngoja Clifton, karibu na mjini. Mlima unaikinga na upepo huo.

Kabla ya Clifton kuna Chapman's Peak. Kona 114 ndani ya kilomita 9, mwamba kulia kwako, bahari kushoto, ukuta mfupi wa mawe katikati yako na bahari. Barabara ilianza kuchongwa 1915, kwa jasho la wafungwa, ikafunguliwa 1922. Mwaka 2000 ilifungwa baada ya jiwe kuanguka na kuua, ikarudi 2003 ikiwa na nyavu za kuzuia mawe na tozo ya kupita. Unalipia upande wa Hout Bay. Siku za mvua na hali mbaya huifunga, kwa hiyo angalia asubuhi. Ikifungwa, kutoka Noordhoek panda barabara ya Ou Kaapse Weg urudi mjini, wala usinune.

Kutapika ndiko kunakoharibu hapa, si kona. Wape chakula chepesi saa mbili kabla, tangawizi kipande mdomoni, simu zote ziingie begini, kioo kishushwe vidole viwili. Anayeumwa na kona akae mbele, atazame mbali baharini pale maji na mbingu vinapokutana. Nenda gia ya chini, na akija mtu nyuma mwenye haraka ingia pembeni apite. Bahari iko kushoto, nafasi za kuingia ziko nyingi. Kwetu aliyeumwa ni baba watoto. Tulimweka mbele, bibi akampepea kwa ncha ya kanga, ingawa upepo ulikuwepo wa kutosha.

Ukifika Camps Bay jua likiwa linazama na watoto wamelala, usiwaamshe waje kuona. Mimi niliwaamsha. Walilia hadi nyumbani.